Ufa Kwenye Mtutu wa Mjomba Shomari

Vijana wangu wa klabu, mmenisumbua vya kutosha. Kila Jumamosi, tukiwa tunasubiri mitutu ipoe, mnaniuliza yaleyale: Bi Zuhura, ulianzaje? Bi Zuhura, ni kweli ulimkatalia mjomba wako bunduki yake mwenyewe? Sasa nimestaafu, muda ninao na miwani ninayo, basi kaeni niwaambie. Nitaanzia ninapotaka na nitaruka ninapotaka. Aliyechoka akanunue mihogo, akirudi atatukuta hapahapa.

Kwanza tuelewane. Mimi sikuwa fundi wa silaha za vita. Hizo sizijui na sitaki kuzijua. Kazi yangu ilikuwa bunduki kongwe, zile za mababu, zilizoandikishwa polisi na zenye vibali vyake, ambazo wenyewe wanazipenda kama wengine wanavyopenda magari ya zamani. Zinaletwa zimeliwa na kutu, tunazirudishia uhai, halafu tunaenda nje ya mji kutoboa karatasi na kutaniana. Hakuna mnyama aliyekufa kwa mkono wangu. Labda kenge mmoja aliyekata roho kwa mshtuko wa kishindo, na hata huyo sina hakika, maana nilimwacha amelala chali, kurudi sikumkuta.

Nilianza kama fundi polishi wa samani pale mtaa wa Gerezani, upande wa reli, kwenye karakana iliyobanwa na wauza vipuri huku na huku. Meza, makabati, vitanda vya maharusi: vyote vilipita mikononi mwangu. Siku moja akaingia mzee wa Kihindi, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakata, kwapani ana kitu kimezungushiwa kanga. Akakifungua juu ya meza yangu. Kilikuwa kipande cha mti kimejipinda, chembamba huku, kipana kule, kimevunjika katikati.

Nikakigeuzageuza. "Mzee, kiti chake kiko wapi?"

"Hakina kiti," akasema. "Hiki ni kitako."

"Kitako cha nani?"

Karakana nzima ilikufa kwa kicheko. Hata yeye alicheka mpaka akashika meza. Kumbe kitako ni ule mti wa bunduki unaoegemea begani. Jina lake Jayanti, na karakana yake ilikuwa kwenye uchochoro wa mjini, katikati ya duka la vitambaa na duka la masufuria, mlango wa chuma juu ya mlango wa chuma. Nilikiunga kile kitako kwa pini za shaba na gundi. Pengo nikalijaza unga wa mbao, rangi nikaioanisha kwa chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa kama lami. Aliporudi kukichukua alikipapasa huku amefumba macho, akitafuta mahali pa kiungo. Hakupapata.

"Beti," akaniambia, yaani binti, "unapenda vitanda?"

"Vinanichosha."

"Basi njoo kwangu."

Nikaenda. Nikabaki mpaka nywele zikaota mvi.

*

Mzee Jayanti hakufundisha kwa maneno mengi. Alikuwa anakupa kitu, anakuacha uhangaike nacho, akipita nyuma yako anaguna. Mguno mfupi maana yake endelea. Mguno mrefu maana yake weka chini hiyo tupa kabla hujaharibu mali ya watu.

Juu ya kutu alikuwa na neno moja: polepole. Nyinyi mnapenda mashine ya kuzungusha brashi ya waya. Inang'arisha haraka, ndiyo, lakini inakula na chuma na nambari zilizochongwa juu yake. Yeye alipaka mafuta, akaacha siku kadhaa, kisha akasugua kwa stilwaya ileile ya kuoshea masufuria, laini kabisa, mkono mwepesi kama unampangusa mtoto uso. Kutu nyekundu inaondoka, rangi ya uzee inabaki. Bunduki kongwe haitakiwi kuonekana mpya. Inatakiwa kuonekana imetunzwa.

Kuna bwana mmoja wa Magomeni, Mungu amsamehe, alitangulia kuitengeneza yake mwenyewe ili atushangaze. Akaipiga vanishi ya milango, mikono mitatu. Ilikuwa inang'aa kama jeneza jipya. Tulipoipeleka uwanjani juani, vanishi ikalainika, akaiegemeza shavuni kulenga, na shavu halikutoka. Tulimtoa kwa mafuta ya taa na maneno ya kumliwaza. Tangu siku ile, kila kitako kilichopita kwangu kilipata mafuta na nta tu, nta ya Tabora niliyoinunua Kariakoo kwa mama mmoja aliyekuwa anaivunja kwa nyundo.

Sasa hivi mna vile vikamera vyembamba vyenye waya, mnachomeka kwenye simu, mnaingiza ndani ya mtutu, mnaona kila kitu kama mko sinema. Vizuri, na mimi ninacho. Lakini sisi tulitumia kikaratasi cheupe na jua. Unasimama mlangoni, unafungua bunduki nyuma, unaweka kikaratasi pale risasi inapokaa ili kirudishe mwanga, unachungulia kutokea mbele. Hapo ndipo utaona mashimo ya kutu, utaona mikwaruzo, utaona nyumba ya nyigu. Msicheke! Kuna mtu aliniletea bunduki akilalamika hailengi vizuri, nikachungulia, nikaona giza. Nyigu walikuwa wamejenga ukuta wa udongo ndani, safi, wa kudumu. Kama angeipiga vile, leo tungekuwa tunamwita jina jingine. Kwa hiyo sheria ya kwanza, na nitaisema mpaka nife: chungulia. Hata kama ulichungulia jana. Hata kama aliyekupa ni sheikh.

Kupiga nilijifunza baadaye, tena kwa aibu. Mzee Jayanti alinipeleka kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, njia ya Kisarawe, palepale tunapopigia mpaka leo. Nililenga karatasi, nikavuta, risasi ikaenda ninapopajua mimi na Mungu. Nikasema bunduki ina kasoro. Hakubisha. Akaichukua, akanigeuzia mgongo kama anayeipakia, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta. Tik. Hakukuwa na risasi ndani, lakini mimi mwenyewe niliruka kama nimekanyaga moto, na mdomo wa mtutu ukachota mchanga.

"Nani ana kasoro?" akauliza.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa naogopa kishindo kabla hakijaja. Dawa yake ni hiyo hiyo: mwenzako akupakie, usijue ipi ina risasi na ipi haina, mpaka kidole kijifunze kuvuta bila kumwambia bega. Ilinichukua muda, lakini nilipopata nilipata. Msione haya kusema kwamba Bi Zuhura anapiga vizuri. Anapiga vizuri.

*

Haya, Mjomba Shomari.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama akamfuata, na huyu kaka wa mama ndiye aliyenilea, pale Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ua katikati. Alikuwa dereva wa winchi bandarini. Mtu mrefu, sauti nzito, amezoea kukaa juu na kuona watu wadogo chini yake. Alinibeba mabegani kunipeleka kliniki. Alinifundisha baiskeli kwenye ua ule huku amenishika sketi kwa nyuma. Nilipoanza kazi ya bunduki, ndugu wengine walisema mwanamke gani huyu. Yeye aliwajibu kwa neno moja, "Wangu."

Na yeye alikuwa na bunduki. Ilikuwa ya babu yake, ya risasi moja, enzi za Mjerumani, imerithiwa kwa mkono na kibali chake kimefuata. Ililala miaka mingi ndani ya kabati imefungwa kwa blanketi. Alipostaafu bandari akaona sasa wakati umefika. Akaniletea karakanani mwenyewe, akaiweka mezani kama mtu anayeweka mtoto.

"Nataka mashindano ya mwaka huu nipige na hii," akasema. "Nimewaambia wenzangu wote wa bandari. Wanakuja kuangalia."

Mashindano yenyewe mnayajua: bunduki kongwe tu, hakuna darubini, kila mtu na karatasi yake, na vijembe vimeruhusiwa. Nilifurahi kuliko yeye. Niliivua ile bunduki skrubu kwa skrubu. Kitako kilikuwa cha mti mgumu ajabu, kimekula jasho la mikono ya watu wasiokuwepo tena. Nilikiosha tu na kukilisha mafuta. Springi iliyolegea nikaibadilisha. Kutu ya nje ikatoka vizuri. Mjomba alikuwa anapitia kila jioni akitoka sala ya alasiri, anakaa kwenye stuli, ananisimulia habari za babu yake, na mimi nasugua. Zilikuwa siku nzuri sana zile.

Halafu nikafika kwenye mtutu.

Ndani, kwa kikaratasi, nikaona kivuli kwenye chemba, yaani pale nyuma risasi inapokaa na ambapo nguvu yote ya mlipuko inaanzia. Kinaweza kuwa mkwaruzo. Kinaweza kuwa uchafu wa zamani. Basi nikafanya kipimo cha Mzee Jayanti: unaipaka chemba mafuta ya taa kwa nje, unaacha yapenye, unapangusa mpaka pakauke kabisa, halafu unapaka chaki ya unga. Chuma kizima kitabaki cheupe. Chuma chenye ufa kitarudisha mafuta kidogo kidogo, na chaki italowa kwa mstari.

Nilikaa nikaitazama ile chaki. Mstari ukajitokeza, mwembamba kama unywele wa mtoto, usiofika hata urefu wa ukucha. Nikaugonga mtutu kwa kijiti kusikia mlio wake, kisha nikaweka alama ya penseli mwanzo na mwisho wa ule mstari.

Mzee Jayanti hakuwepo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, yuko nyumbani Upanga anajifunza kutembea upya. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nikamwambia mjomba.

"Ufa?" Akavaa miwani, akainama. "Wapi?"

Nikamwonyesha.

"Huu mstari wa chaki?"

"Ndiyo, mjomba."

"Zuhura, bunduki hii ilipigwa kabla mama yako hajazaliwa. Leo chaki ndiyo inaijua?"

Tukakubaliana ijaribiwe. Tukaenda nayo machimboni, mimi, mjomba, na msimamizi wa uwanja, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Sajini. Hapo hatupigi begani. Bunduki inafungwa juu ya tairi kuukuu, kamba ndefu inafungwa kwenye kifyatulio, watu wanajificha nyuma ya magunia ya mchanga, na kamba inavutwa. Sajini akavuta. Ikalia. Akapakia tena, akavuta. Ikalia. Mara ya tatu ikalia vilevile, na shabaha kule mbele ikatoboka kama vile inatucheka.

Mjomba alitoka nyuma ya magunia akiwa amenyoosha mikono, uso umejaa meno. "Mnaona? Mnaona chuma cha watu?"

"Imepita, Bi Zuhura," akasema Sajini.

Ningeweza kukubali. Nawaambia ukweli wangu, moyo ulitaka. Lakini niliirudisha karakanani na nikarudia chaki. Mstari ulitokea tena, na safari hii ulikuwa umeivuka alama yangu ya penseli. Umeivuka kwa urefu wa punje ya mchele.

Nikamwita Sajini aje aone. Akakuna kidevu. "Labda mafuta yametambaa tu," akasema. "Chaki ni chaki."

Na kweli inawezekana. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, vijana. Kitu kikipasuka, kila mtu ni fundi. Kazi ni kukisema kabla hakijapasuka, mbele ya watu ambao wameshakiona kikilia mara tatu bila tatizo.

*

Nikapanda bajaji kwenda Upanga. Mzee Jayanti alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya pili, mguu umenyooshwa kwenye kigoda, mkewe Kusum amemwekea chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili, na chai ya maziwa. Nikampa habari yote, tangu kivuli mpaka punje ya mchele. Akasikiliza akitafuna.

"Sajini anasema imepita," nikamalizia. "Mjomba anasema mashindano ni wiki ijayo. Mzee, niseme nini?"

"Mtutu umeushika nani? Mimi?"

"Mimi."

"Ulivyougonga kwa kijiti, ulilia vipi?"

"Ulilia mfupi. Kama kikombe chenye ufa."

Akaguna. Ulikuwa mguno mfupi.

"Beti, umepanda bajaji mpaka hapa ili nikuambie unachokijua? Mimi nikisema hapana, mjomba wako atanikasirikia mimi, wewe utabaki mtoto mzuri. Ndiyo unataka?"

Ndicho hasa nilichokuwa nataka.

"Kunywa chai," akasema. "Halafu nenda kaseme kwa mdomo wako."

Mjomba alikuja kesho yake amevaa kanzu safi, tayari kuchukua bunduki. Nilikuwa nimeiunga yote, imelala mezani, nzuri mno. Sitasahau alivyoitazama. Nikamwambia: bunduki ni mali yako, naweza kuifunga vizuri ukaenda nayo ukaitundika ukutani, itadumu miaka mia. Lakini mimi kama fundi siikubali ipigwe. Na kwenye klabu yetu, bunduki ambayo fundi hajaikubali haipigwi.

"Unanikatalia?"

"Naikatalia bunduki, mjomba."

"Usinichezee maneno. Watu wote wa bandari wanakuja. Nimewaambia nini? Nimewaambia bunduki ya babu yangu, na mtoto wangu ndiye aliyeitengeneza!" Sauti ile ya winchi ilikuwa imefika duka la masufuria, wateja walikuwa wameacha kuchagua vifuniko. "Mtoto niliyemlea kwa mikono hii anisimamishe mbele ya watu kwa sababu ya chaki!"

"Ningekuwa sikupendi ningekupa."

Akaisukuma ile bunduki kwangu. "Baki nayo," akasema. Akatoka.

Nilisimama palepale mpaka mwenye duka la vitambaa akaja kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Nikaifungia bunduki kwenye kasha la chuma, nikakaa juu ya stuli yake, nikalia, kisha nikanawa uso nikaendelea na kazi ya mtu mwingine. Lakini sikujuta, hata siku hiyo. Niliumia, sikujuta, na hayo mawili msiyachanganye.

Mashindano yalifanyika. Mjomba hakuja. Wenzake wa bandari walikuja, maana hawakuwa wameambiwa lolote, wakakaa na miavuli yao wakimsubiri, na kila mmoja akaniuliza Shomari yuko wapi. Nilipiga vibaya siku ile mpaka Sajini akaniuliza kama nimeamua kulenga mawingu.

Ikaja Idi. Nikapika, nikabeba sinia, nikaenda Kariakoo kama kila mwaka. Mke wake, Mama Rukia, akanipokea mlangoni, akanikumbatia, akaninong'oneza, "Ametoka kwa mlango wa nyuma aliposikia sauti yako." Nikala na watoto. Kiti chake kilikuwa wazi. Hapo nilikuwa na wazazi wangapi waliobaki duniani? Huyo huyo.

*

Muda ukapita. Mzee Jayanti akarudi karakanani na fimbo, akawa anakaa karibu na dirisha kuguna. Asubuhi moja nikiwa nimeinama kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, nasugua pini kwa tupa, mwanga wa mlangoni ukapungua. Nikainua uso. Mjomba Shomari. Amesimama, hajavua viatu, hajaingia.

"Bado unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Ukate."

Sikuelewa. "Nikate nini?"

"Mtutu. Pale kwenye chaki yako. Nataka nione ndani."

Mzee Jayanti akageuka polepole. "Shomari, ukikatwa haurudi tena. Huo ni mtutu wa babu yako."

"Najua ni wa nani. Siwezi kulala. Kila nikifumba macho naona mstari. Ukate nijue kama nimemkosea huyu mtoto au yeye ndiye amenikosea mimi."

Nikautoa mtutu kwenye kasha, nikauvua kutoka kwenye kitako, nikaubana kwenye jiliwa kwa vipande viwili vya mbao ili nisiuumize, ingawa nilikuwa naenda kuukata. Mkono una mazoea yake. Nikachukua msumeno wa chuma. Nimekata vyuma vingi maishani mwangu, hakuna kilichochelewa kukatika kama kile. Mjomba alisimama pembeni yangu muda wote, mikono nyuma. Kipande kikaanguka, mviringo kama pete kubwa. Nikakipangusa, nikakipeleka dirishani kwenye mwanga.

Hata miwani mjomba hakuhitaji. Mstari mweusi ulianzia ndani ya chemba ukatembea ndani ya unene wa chuma, umejaa kutu ya miaka, mpaka ukatokeza nje, mwembamba kama unywele, palepale penye chaki. Kando yake, chuma kizima kilichobaki kilikuwa kama ganda la yai.

Akakichukua mkononi. Akakigeuza mara nyingi. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akakiinua, akakiweka karibu na shavu lake la kulia, kama mtu anayelenga.

"Uso unakaa hapa," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Nilikuwa nimemwahidi Rukia apige ya pili. Baada yangu. Hilo sikukwambia." Rukia ni bintiye wa mwisho. Alikuwa msichana mkubwa wakati ule, ndiyo kwanza ameanza kazi. "Ya kwanza ingelia vizuri, ningecheka, ningemwita. Uso wake ungekaa hapa."

Nje mtu wa masufuria alikuwa anapanga bidhaa zake, zinagongana. Mjomba akakiweka kile kipande mezani, taratibu. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile ya kanzu.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Nyinyi mmezaliwa Bongo, mnajua maana yake. Mtu aliyenibeba mabegani.

"Mjomba, usinifanyie hivyo. Tafadhali."

"Sijamwamkia mpwa wangu. Mpwa wangu atanisalimia mwenyewe akipenda. Nimemwamkia fundi, na fundi hajaitikia."

Nikamwangalia Mzee Jayanti anisaidie. Alikuwa amegeukia dirisha, anasafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Marahaba," nikasema kwa sauti ndogo. Halafu nikaenda upande wa pili wa meza, nikaushika mkono wake, nikamwamkia yeye shikamoo yake, na akaniitikia kwa ile sauti ya winchi mpaka watu wa uchochoroni wakageuka.

Mzee Jayanti alikuwa na mtutu mwingine wa aina ileile na umri uleule, uliotoka kwenye bunduki iliyoungua mti wake wote. Polisi wakaukagua, kibali kikarekebishwa. Niliupima kwa chaki mara nyingi kuliko inavyohitajika, na safari hii mjomba ndiye aliyekuwa ananishikia taa. Ukabaki mweupe. Tukaujaribu kwa kamba machimboni, tukaurudia chaki, mweupe tena. Nikaukaza kwenye kitako cha babu yake, ukakaa kama umezaliwa pale.

Mwaka uliofuata wenzake wa bandari walikuja tena na miavuli. Mjomba akajilaza kwenye mkeka, akalenga muda mrefu kama mtu anayeshusha kontena la vioo, akavuta. Kishindo kikajaa machimbo yote, moshi mweupe ukatufunika, na ulipopeperuka karatasi yake ilikuwa safi kabisa, haina hata doa. Risasi ilikuwa imetoboa karatasi ya jirani, katikati kabisa. Jirani akashukuru. Wazee wa bandari walicheka mpaka mwavuli mmoja ukaanguka. Mjomba alicheka kuwashinda.

Kisha akainuka, akafungua chemba, akachungulia ndani kwa kikaratasi, bila kuambiwa na mtu. Akaniletea na mimi nichungulie. Nikachungulia. Akaiweka ile bunduki mikononi mwa Rukia.

Rukia huyuhuyu anayewafokea Jumamosi mkisahau kufungua bunduki kabla ya kuinuka kwenye mkeka. Mnadhani ana hasira. Alilala pale, kitambaa cha kichwa amekifunga nyuma, shavu la kulia kwenye mti wa babu wa baba yake, akavuta pumzi, akaiachia nusu. Mimi na mjomba tulisimama nyuma yake. Nilihisi mkono mzito wa mjomba ukinishika bega, ukakaza.

Binti akavuta. Bega halikuruka hata kidogo.